Anza na kiti: hotuba yangu kuhusu bustani ndogo za kutulia kwenye nyumba za mjini

Kwa walioshindwa kufika Jumamosi, haya ndiyo niliyoongea pale ukumbini. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, picha za kwenye skrini nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu, hamjambo wengine wote, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, kila mtu apokee ya kwake. Nashukuru mmekuja wengi hivi kwenye joto la Dar la mwezi huu, na nashukuru zaidi kwamba mmekuja kusikiliza habari za bustani ndogo, kitu ambacho watu wengi wanadhani ni cha wenye hela na wenye eneo kubwa.

Nianze na swali. Nyumbani kwako, mahali pa kukaa kimya ni wapi? Sisemi pa kulala. Sisemi pa kuangalia taarifa ya habari. Nasema mahali unapoweza kukaa dakika ishirini bila mtu kukuuliza kitu, macho yakatua kwenye kitu kizuri, akili ikashuka. Ni wapi? Kuna mtu pale nyuma kasema chooni, na wengi mmecheka, lakini mi hilo jibu nalichukulia kwa uzito kabisa manake nalisikia karibu kila nyumba ninayoingia. Mtu kajenga kwa jasho la miaka, ana ukuta, ana geti, ana hati ya kiwanja, halafu mahali pekee anapokuwa na nafsi yake ni chooni. Wengine ni kwenye gari. Anafika nje ya geti, anazima injini, anakaa humo kwanza ndo apige honi afunguliwe. Nyie mnaotikisa kichwa mnanielewa.

Kazi yangu ni bustani, ila sio zile za mahoteli. Mi natengeneza vibustani vya watu, mita mbili kwa tatu, mita moja na nusu kwa sita, kibalkoni cha ghorofa ya tatu. Na leo nina neno moja tu la kuwaambia, nitalizungusha na kulirudia mpaka mlichoke: bustani ya kutulia inaanza na kiti. Haianzi na ua, haianzi na ukoka, haianzi na fundi pevingi. Inaanza na pale utakapokaa, na kile utakachokiona ukiwa umekaa. Ukishapajua hapo, kazi iliyobaki kwa sehemu kubwa ni kupunguza.

Sasa tuangalie nyumba zetu zenyewe zilivyo. Tunachukua kiwanja, nyumba tunaiweka katikati kabisa, halafu pande zote nne kinabaki kichochoro kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa fensi. Mita moja na nusu, mita mbili, mwenye bahati mita tatu. Kile kichochoro kina nini? Hebu semeni. Mabaki ya taizi. Ndoo za rangi zilizokauka. Ngazi. Kompresa ya kiyoyozi. Tangi la maji. Jenereta iliyoharibika ambayo hakuna anayetaka kuitupa. Na chini pevingi mwanzo mwisho, inameza jua mchana kutwa na usiku inakurudishia dirishani.

Halafu mwenye nyumba ananiambia, dada mi sina eneo la bustani.

Wazee wa mwambao wao walipanga kinyume na sisi. Nendeni Lamu mkaone zile nyumba za mawe. Kwa nje ni ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, hauna cha kukuonyesha zaidi ya mlango. Unaingia kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita, unakata kona, na ile kona ina sababu yake, mlango ukiachwa wazi mpita njia asione ndani. Ukishakata kona ndo unatokea kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, na vyumba vinatazama huko. Mwanga unaingia kwa huko, hewa inaingia kwa huko, mbingu unaiona kwa huko. Sehemu ya wazi haikuzunguka nyumba kama mkanda, iliwekwa katikati ya maisha ya watu. Na hii sio ya jana. Kwenye magofu ya Gedi kule karibu na Malindi nyua za ndani zipo. Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, ina nyua kadhaa na ina birika, yaani bwawa la kujengwa, la pembe nane linalotazama juu ya bahari, ukisimama pale kwenye mwamba huhitaji mtu akueleze mwenye jumba alikuwa anatafuta nini. Lamu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, watu wanapanda ndege kutoka mbali kuja kukaa kwenye hizo nyua zetu na kushusha pumzi, na sisi wenyewe tukijenga leo hatuziweki kwenye ramani kabisa. Hilo linaniuma, nasema wazi.

Siwaambii mbomoe nyumba. Nawaambia kile kichochoro ndo ua wako, umekaa tu mahali pasipo pake. Ukichagua upande mmoja, mmoja tu, ukauziba mwisho wake kwa ukuta mfupi au fito za mianzi ili mtu wa getini asione moja kwa moja, tayari umepata ile kona ya Lamu.

Niwape kisa. Kuna dada mmoja nesi, anakaa Tabata, anafanya zamu za usiku. Anarudi asubuhi mtaa ndo unaamka, yeye ndo anataka kulala, na hawezi kulala kwa sababu kichwa bado kiko wodini. Dirisha la chumba chake linatazama kichochoro cha kama mita mbili, na mbele yake tangi jeusi na ukuta wa fensi wa bloku. Aliniita nimpandie maua getini ili nyumba ipendeze. Nikamuuliza, ukirudi asubuhi unakaa wapi? Akasema kitandani. Nikamwambia basi ya getini tuyaache kwanza.

Tulichofanya ni hiki. Tangi tulilihamishia upande wa jikoni, na hiyo peke yake ilikula nusu ya bajeti kwa sababu ya mabomba, siwadanganyi. Pevingi tukang'oa za kichochoro hicho tu, na aliziuza. Chini ya dirisha tukajenga kibaraza cha kukalia, kimo cha kama sentimita 45, hicho ndo kimo ambacho miguu ya mtu mzima inatua chini vizuri. Ukuta wa fensi unaotazamana nacho tukaupiga lipu, tukaupaka rangi ya udongo. Kwanini sio nyeupe? Kwa sababu ukuta mweupe saa sita mchana kwa jua letu unaumiza macho, ukuta wa udongo unatulia na majani yanaonekana vizuri zaidi mbele yake. Halafu mmea mmoja. Mkomamanga. Haukai mkubwa, unakubali kukatwa, una ua jekundu na tunda, na matawi yake ni membamba kwa hiyo kivuli kinachochorwa ukutani kinacheza. Chini kokoto na mrehani pembezoni. Basi. Yule dada sasa akirudi zamu anakunywa chai pale kama saa mbili asubuhi, hajabadilisha hata nguo, ndo anaingia kulala. Alinitumia ujumbe kwamba ile kona imemfanya aache kwenda kulala na wagonjwa wake kichwani. Mi nilikaa na ule ujumbe muda mrefu.

Sasa tuje kwenye kupunguza, na hapa naomba mniruhusu niende mbali kidogo, niende Japani, mji wa Kyoto, kwa sababu wale watu wamelifikiria hili jambo kwa karne nyingi na kwenye viwanja vya hovyo kuliko vyetu. Nyumba za zamani za wafanyabiashara pale Kyoto, zinaitwa machiya, mbele ni nyembamba sana na nyuma zinakwenda ndefu, zimebanana ukuta kwa ukuta. Katikati ya nyumba wanaacha kijiuwanja, tsuboniwa, pengine kama mikeka miwili tu. Na mara nyingi nyuma kabisa kuna kingine kikubwa zaidi. Wakati wa joto wanamwagia maji kimoja, hewa ya hapo inapoa, kule kwingine ambako kumepata jua hewa inapanda, basi upepo unavutwa unapita katikati ya nyumba. Bila feni. Kwa ndoo ya maji.

Lakini kilichonishika mimi zaidi ni kwamba kwenye vile vijiuwanja hawaingii kutembea. Wanakaa ndani, kwenye ubao wa varanda au nyuma ya mlango wa kusukuma, wanatazama. Bustani inaingiwa kwa macho. Mmeelewa hilo jambo linabadilisha nini? Kama bustani inaingiwa kwa macho, kichochoro cha mita moja na nusu hakihitaji njia ya kupita, hakihitaji benchi, hakihitaji geti dogo la urembo. Kiti kinaweza kuwa ndani ya chumba, dirishani. Nusu ya watu wanaoniambia hawana eneo, ukweli wanao, ila hawana dirisha linalotazama mahali pazuri.

Pale Kyoto kuna hekalu linaitwa Ryoan-ji, bustani yake ni changarawe nyeupe na mawe 15 tu, urefu kama mita 25 na upana kama mita 10, hakuna mti hata mmoja ndani ya ule mstatili, labda vimea vya kijani vinavyotambaa kwenye miguu ya mawe. Na yale mawe yamepangwa hivi kwamba ukikaa popote pale varandani huyaoni yote 15 kwa pamoja, lipo moja linajificha. Watu wanakaa hapo saa nzima. Mawe na changarawe! Sisi tunaweka aina thelathini za maua, na bata wa saruji, na taa za rangi, na mtu hakai dakika tano.

Na kuna kisa cha bwana mmoja anaitwa Sen no Rikyu, mtaalamu wa sherehe ya chai, alifariki 1591. Inasimuliwa kwamba bustani yake ilijaa yale maua ya kutambaa yanayofunguka alfajiri na kunyauka kabla ya adhuhuri, sifa zikaenea mji mzima, mpaka mtawala mwenyewe Toyotomi Hideyoshi akasema anakuja kuyaona. Asubuhi Hideyoshi anafika, anakuta maua yote yamekatwa. Yote. Bustani tupu. Kakasirika. Anaingia kwenye chumba cha chai, na pale ukutani, ndani ya chombo, lipo ua moja.

Moja.

Nilipokisikia hicho kisa mara ya kwanza nilimfikiria mama mmoja wa Mikocheni niliyekuwa namfanyia kazi wakati huohuo. Huyu mama ana vyungu kila mahali, ngazi zote, varanda yote, juu ya ukuta, na kila chungu kina mtu nyuma yake. Hiki nilipewa na dada yangu, hiki kilitoka Lushoto kwa mama mkwe, hiki alinipandia marehemu. Aliniita kwa sababu, nanukuu maneno yake, nikikaa hapa nachoka. Na mi namwambia nini, tupa? Huwezi kumwambia mtu atupe chungu cha marehemu mume wake. Haiwezekani na haifai.

Basi tukafanya hivi. Vyungu vyote tukavipeleka uani upande wa jikoni, tukavitengenezea vibao vya ngazi, vikakaa huko vinamwagiliwa kwa pamoja, ni kama kitalu chake binafsi. Mbele ya kiti chake varandani tukaacha patupu, ukuta safi, na jiwe moja bapa la kuwekea chungu. Kila Jumamosi anachagua chungu kimoja anakileta pale jiweni kinakaa wiki nzima. Wiki hii ni ya dada, wiki ijayo ni ya Lushoto. Anasema sasa ndo ameanza kuviona, kuna mmea mmoja unatoa kijiua kidogo cha zambarau ambacho miaka yote alikuwa hajawahi kukiona. Kwa hiyo kupunguza sio lazima kuwa kupoteza, wanangu na ndugu zangu. Unaweza kumiliki vyungu vyako vyote na bado ukatazama kimoja.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti chako, hesabu unaona vitu vingapi. Kamba ya nguo, bomba la choo, nyaya, bati la jirani, mtungi wa gesi. Kabla hujanunua mche hata mmoja, toa au ficha. Mti mmoja, jiwe moja au chungu kimoja, na ukuta mtulivu nyuma yake, hiyo bustani imetosha.

Jambo jingine ambalo naona wabunifu wengi wanalisahau, wanachora bustani kwa ajili ya saa nne asubuhi. Sasa niambieni, saa nne asubuhi nani yuko nyumbani? Dar jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, halibadiliki sana. Ukitoka Posta ukapambana na foleni unafika nyumbani giza limeshaingia. Bustani yako wewe mfanyakazi ni bustani ya usiku. Itengeneze kwa ajili ya usiku! Rangi nyekundu na zambarau usiku zinakufa, hazionekani, nyeupe ndo inabaki. Na pua inafanya kazi kuliko macho.

Hapa sisi wa pwani hatuna sababu ya kwenda kukopa popote. Bibi zetu walijua. Asumini inafunguka jioni, harufu yake inapanda kadiri usiku unavyokuja, ndo maana inachumwa ikiwa bado matumba, wanawake wanatunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Mkilua, mti wa huku huku kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, ni mti mdogo unaokubali kivuli, ua lake wala halijionyeshi lakini likitoa harufu utamuuliza mwenzio ni nini hiki. Mrehani ukipita ukaugusa tu na mguu umeshapata fungu lako. Mlangilangi naupenda mno ila nawaomba, nawaomba sana, msiupande kwenye kichochoro cha mita mbili, ule ni mti mkubwa, unakwenda juu ya bati na mizizi inatafuta msingi, uache kwa mwenye shamba.

Halafu upepo. Kusi inavuma kutoka kusini kuanzia kama Mei mpaka Septemba, kaskazi inatoka kaskazini mashariki Desemba mpaka Machi. Asumini yako iweke upande ambao upepo unatokea ili ulete harufu kwenye kiti, ukiiweka upande wa pili harufu yote inakwenda kwa jirani, na jirani hajachangia hata mbolea. Jua nalo liangalieni, la mchana linapita karibu na utosi, ukuta haukusaidii sana, linalosumbua ni la saa tisa saa kumi kutoka magharibi. Ukuta wa magharibi ndo wa kuupandishia mmea wa kutambaa kwanza.

Taa, moja tu. Iwe chini, nyuma ya chungu au chini ya mti, isionekane yenyewe. Taa za sola za bei rahisi zipo kila kona siku hizi, lakini nunua moja yenye mwanga wa manjano, usiweke nane za bluu kama uwanja wa ndege.

Na kwa Waislamu wenzangu, na hili naulizwa sana: kona ya kuswalia kwenye bustani ndogo inawezekana, na kwa hapa Dar tuna bahati, kibla kwetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo mara nyingi unaweza kupanga kiti na msala kwa kufuata ukuta mmoja bila kukaa upande. Acha nafasi ya mita moja na kidogo kwa upana, sakafu laini, isiwe kokoto. Mzee mmoja wa Magomeni nilimtengenezea hivyo, anasema sala ya alfajiri anaiswali hapo na mwanawe wa darasa la tano siku hizi anaamka mwenyewe kumfuata, hajalazimishwa na mtu.

Tuje kwenye maji, manake najua kuna watu wameshika mikono juu tangu mwanzo. Maji yanatuliza, hilo halina ubishi. Ila muziki wa baa ya mtaa wa pili hauwezi kuzibwa na mti wala na kijito, ninayewaambia ni mtu niliyejaribu nyumba nyingi, sauti inapita juu ya ukuta. Kinachowezekana ni kulipatia sikio kitu cha karibu cha kushika. Bomba dogo linalodondoshea maji kwenye chungu kando ya kiti chako, pampu ndogo ya sola, sauti ndogo lakini iko karibu, na sikio kwa kawaida linafuata kilicho karibu. Chemchemi kubwa ya kelele getini haikusaidii chochote, iko mbali na wewe.

Na mbu je? Dar tulipata homa ya dengi 2014, tukaipata tena 2019, na yule mbu wake anapenda hasa maji masafi yaliyotuama karibu na watu, kwenye ndoo, kwenye sahani ya chungu, kwenye tairi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua wiki moja hivi. Sasa wazee wa Lamu walifanyaje na birika zao za ndani? Waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Na zaidi ya hapo, chini ya birika walipachika bakuli la kaure, ili birika likimwagwa kusafishwa samaki wabaki na maji kwenye lile bakuli. Fikirieni huo upole jamani! Mtu anajenga tangi la maji la nyumbani na anamuwekea samaki mahali pa kusubiria. Kwa hiyo kwenye chungu chako cha maji weka samaki wadogo watatu wanne, au kama huwezi basi mwaga na kusugua kila wiki bila kukosa, na sahani za chini ya vyungu jazeni mchanga.

Wengi mnamwagilia maji ya kisima na visima vingi vya huku karibu na bahari vina chumvi, unaona majani yanaungua pembeni unadhani ni ugonjwa. Kingeni mvua. Bati la mita za mraba 50, ikinyesha milimita 20 tu, ni lita 1,000, na mvua ya hivyo masika ni ya kawaida kabisa. Gata moja na pipa moja lenye mfuniko vinatosha kulea kibustani kipindi kirefu. Na kama maji ya chumvi ndo pekee uliyonayo, usilazimishe asumini, panda waridi la jangwani, ni mmea wa kwetu kabisa Afrika Mashariki, unavumilia ukavu na jua kali, ila utomvu wake ni sumu, wenye watoto wadogo uwekeni juu.

Wapangaji na watu wa maghorofa, sijawasahau. Kiti chako ni kilekile na kupunguza ni kulekule. Tofauti yenu ni uzito. Chungu cha lita 40 chenye udongo uliolowa kinaweza kufika kilo 60 au zaidi, kwa hiyo kiweke karibu na ukuta wa jengo, sio ncha ya balkoni, na usipange kumi. Udongo changanyeni na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yanapunguza uzito na yanashika maji. Kijana mmoja wa Sinza, chumba kimoja cha kupanga, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani mita moja tu kutoka pale. Alimuomba jirani ruhusa apake ule ukuta rangi kwa gharama yake, kipande cha dirisha tu. Jirani kakubali. Akaning'iniza chungu kimoja cha mmea wa kushuka mbele yake. Hiyo ni bustani, na akihama anabeba chungu.

La mwisho kutoka kwangu ni nani ataitunza. Mi nawaomba msimpe kijana wa kufagia uwanja kazi hii. Eneo ni dogo, kuokota majani ni dakika kumi, kumwagilia ni dakika tano, na kwa watu wengi niliowatengenezea zile dakika kumi za kuokota majani ndo wakati wanaotulia kuliko hata wakikaa. Mpe kijana uwanja mzima wa mbele akate na kufyeka, hii kona iwe ya mkono wako mwenyewe. Simu ibaki ndani. Watoto waruhusuni waingie, msiwafukuze, ila wafundisheni kwamba hapa tunaongea kwa sauti ya chini, wanashika haraka sana kuliko sisi.

Mwenye kazi ya kuanza leo: ukifika nyumbani jioni hii chukua kiti cha plastiki, kipeleke kwenye kile kichochoro, kaa hapo mpaka uchoke, sogeza, kaa tena. Fanya hivyo wiki nzima kabla hujaita fundi. Mimi nipo hapa mpaka saa kumi na moja, mwenye picha ya kichochoro chake kwenye simu aje nayo tuiangalie pamoja, na yule aliyesema chooni aanze yeye.